Ndiva Hujaa Usiku

Asiyeifahamu milima ya Upare akionyeshwa ndiva ataona bwawa dogo la udongo, limechimbwa kwenye mteremko, kando yake mfereji mwembamba. Atashangaa kwa nini wazee wa Vudee, Bangalala na vijiji vingine vingi vya Upare ya Kusini walihangaika kulichimba na kwa nini wajukuu wao wanahangaika kulizibua tope kila mwaka. Sababu ni kwamba kijito cha mlimani, hasa kiangazi, hakina nguvu ya kufika shambani. Ukiyaachia maji yajiendee mfululizo, mchana na usiku, ardhi huyanywa njiani, na mwenye shamba la mwisho hapati hata ya kulowesha mizizi ya mahindi. Basi jioni mlango wa ndiva hufungwa. Usiku kucha maji yanaingia taratibu. Asubuhi mlango unafunguliwa, na maji yale yale yaliyokuwa yakichuruzika yanatoka kwa kishindo na kufika mbali. Wenye mashamba wana zamu zao, na asiyetokea siku ya kutoa tope hutozwa faini. Kila ninapofikiri juu ya uchovu wa watu wanaofanya kazi siku hizi, wanaume kwa wanawake, mawazo yangu hurudi kwenye bwawa hili. Naamini kwamba hasira, sonona na kukata tamaa kunakowapata wafanyakazi hakutokani na uzito wa kazi peke yake. Kunatokana zaidi na kazi isiyo na mlango wa kufungwa jioni. Na mlango huo, kama ule wa ndiva, hauwezi kufungwa na mtu mmoja kwa ujasiri wake. Hufungwa na watu waliopatana.

Tuanze na lugha, maana lugha huhifadhi mambo ambayo watu hawayasemi kwa sauti. Mtu akisema jirani yake ana mawazo, hakuna Mswahili atakayeelewa kwamba jirani huyo amebuni jambo jipya. Ataelewa kwamba halali, hali vizuri, na huitwa mara mbili ndipo aitike. Wataalamu wa afya wametupatia maneno sonona na msongo wa mawazo, nayo ni maneno mema, lakini lile la mtaani lilikuwepo kabla yao na lina usahihi wake: linasema kwamba ugonjwa huu ni wingi, ni kujaa kwa kitu kilichokosa pa kutokea. Washona wa Zimbabwe wanaita hali kama hiyo kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi, kwa hiyo hatuko peke yetu katika kuitambua. Lakini lugha hiyo hiyo imetupa neno jikaze. Jikaze huambiwa mtoto anayechomwa sindano na mfiwa anayeingia makaburini. Huambiwa mwalimu ambaye darasa lake limefurika, na muuguzi aliyetoka kumfumba macho marehemu huku kitanda cha pili kinamwita. Kwa jambo la saa moja, au hata la siku tatu, jikaze ni dawa nzuri, na sitaki kuidharau. Imewavusha watu wengi. Ila ndani ya neno hilo hamna ahadi ya lini mtu atalegeza. Likifanywa kuwa mpango wa maisha, yule aliyejikaza ofisini hufika nyumbani akiwa bado amekazana, na watoto wanajifunza kuusoma uso wake kabla ya kumsalimia.

Milima hii ina historia ndefu ya kugombania muda, ingawa haikupata kuitwa hivyo. Wapare wana msaragambo, kazi ya pamoja iliyoitishwa kwa pembe, ambayo kwayo mifereji ilichimbwa, njia zilikatwa na baadaye madarasa yalijengwa. Kazi ile haikuwa nyepesi. Kubeba mawe kwenye mteremko wa Upare kunamaliza magoti ya kijana, achilia mbali mzee. Lakini siku yake ilijulikana, mipaka yake ilijulikana, na jioni watu walirudi makwao wakiwa wamechoka pamoja. Kuchoka pamoja na kuchoka peke yako si jambo moja, hata kama jasho lililotoka ni kiasi kile kile. Kisha tambarare zikapandwa katani, kule Makanya na Ndungu, na kazi ikaja na kadi ya kipande. Kadi ilikuwa na nafasi za siku 30 za kazi, na mshahara ulitoka zikishajazwa zote. Siku ya homa haikutiwa alama. Siku ya kumzika mjomba haikutiwa alama. Kwa mara ya kwanza mtu wa milimani alikutana na muda ambao mwenyewe wake ni mwingine, na ambao haukuwa na nafasi ya mwili wala ya huzuni yake. Tumezoea kuihesabu hasara ya ukoloni kwa ardhi na kodi. Mimi ningeongeza hasara hii ya kunyang'anywa mlango wa siku.

Ushahidi wenye nguvu kuliko wote umo katika mgomo wa mbiru. Miaka ya 1940 serikali ya kikoloni iliwaletea Wapare kodi iliyopimwa kwa mali ya kila mtu, ikaipa jina la mbiru, neno la zamani la ushuru wa kimila. Mwaka 1945 maelfu ya wanaume waliteremka kutoka milimani, wakakusanyika Same, makao ya wilaya, wakakataa kuondoka mpaka kodi ifutwe. Mwanahistoria Isaria Kimambo, mzaliwa wa Upare, aliuandikia mgomo huo kijitabu kizima, na wasomi wengi wameueleza kama hatua ya siasa ya wakulima. Ilikuwa hivyo kweli. Lakini wanaume wakiwa Same, wanawake ndio waliolima, waliotunza watoto na wagonjwa, na waliopeleka chakula kule bondeni. Walipoona jambo haliishi, mamia yao waliandamana hadi kwa bwana shauri, mtawala wa kikoloni wa wilaya, wakamwambia: ama amalize shauri hili ili waume zao warudi kwenye maisha ya kawaida, ama awape mimba wote yeye mwenyewe. Watu wamelisimulia tukio hili kama kituko, nami naliona kuwa ni moja ya hoja nzito zilizopata kutolewa mbele ya mtawala katika nchi hii. Wanawake wale walisema hadharani, kwa maneno ambayo hakuna mkalimani angeweza kuyalainisha, kwamba muda wa mume nyumbani ni haki yenye mwenyewe. Kwamba kodi inayomwondoa mtu kitandani na mezani pake kwa miezi imechukua zaidi ya shilingi. Hawakumwendea mganga, wala kila mmoja hakumlaumu mume wake chumbani. Walitambua kwamba tatizo la kila nyumba limetengenezwa nje ya nyumba, wakaenda pamoja mahali lilipotengenezwa. Hatimaye kodi ile iliondolewa. Nikisikia leo mfanyakazi anashauriwa kwamba uwiano wa kazi na familia ni suala la yeye kujipanga vizuri, nawakumbuka wanawake hao na kuona kwamba walielewa mambo kutuzidi.

Upo ushahidi mwingine, mtulivu zaidi, ambao milima hii inauonyesha kila wiki. Mwaka 1903 wamisionari Waadventista kutoka Ujerumani walifika Giti, Upare ya Kusini, na hapo ndipo Uadventista ulipoanzia katika nchi ambayo sasa ni Tanzania. Zaidi ya karne imepita, na katika vijiji vingi vya Upare ya Kusini jua likizama Ijumaa jembe hulala hadi jua lizame Jumamosi. Walutheri wanashika Jumapili, Waislamu wanaacha shughuli kwa sala ya Ijumaa, na majirani wa imani hizi tatu wanaishi mlima mmoja bila kuona ajabu. Simjadili Mungu hapa, najadili mpangilio. Mkulima anayeacha jembe Jumamosi hahitaji kujitetea. Hakuna atakayemwita mvivu, mwajiri hatamtumia mtu, na jirani hatapata mwanya wa kumpita kwa kulima siku hiyo, kwa kuwa jirani naye ameketi. Sasa mchukue mtu huyo huyo aamue mwenyewe kupumzika Jumatano kwa sababu kichwa kimechoka. Hata kama hatasemwa, mwenyewe atajisema. Atakaa kibarazani na kuona aibu, na pumziko lenye aibu halijazi kitu. Watu walipumzika vizuri kwa sababu pumziko lilikuwa amri ya wote. Nakiri lakini kwamba hata mpangilio huu una pengo lake: Ijumaa ni siku ya maandalio, na maandalio hayo, kuni, maji, kupika, kufua nguo za kesho, kwa kawaida yako mikononi mwa mama. Mlango wa familia hufungwa na yule ambaye wake unachelewa kufungwa. Nitarudi kwenye jambo hili.

Same ya leo imekaa kwenye barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Moshi na Arusha, na barabara kuu hailali. Kwa takriban miaka 30 mabasi ya abiria hayakuruhusiwa kusafiri usiku kucha nchini, kwa hofu ya ajali, na mwaka 2023 ruhusa hiyo ilirudishwa. Wasafiri wamefaidika, wafanyabiashara pia. Lakini kwa mji wa njiani ruhusa hiyo ina maana ya pekee, kwa kuwa pana muuza chai, muuza matunda, dereva wa bodaboda, mpakia mizigo na mlinzi ambao wateja wao sasa wanaweza kushuka saa nane za usiku. Hakuna aliyewaamuru wakeshe. Ila mmoja akikesha na kuuza, wa pili anaona hasara kulala, na wa tatu anafuata. Kijito kinatiririka mchana na usiku, na hakuna ndiva. Simu nayo imefanya hivyo kwa wale wanaodhaniwa kuwa na kazi za staha. Mwalimu, mhasibu, ofisa wa halmashauri, wote wamo kwenye kundi la WhatsApp la kazini, ambamo agizo linaweza kutumwa saa nne usiku na asiyeona hadi asubuhi akaonekana mzembe. Na wapo wanaotafuta nguvu mahali pabaya. Baadhi ya vijiji vya milimani vya wilaya hii vimetajwa kwa muda mrefu na mamlaka ya kupambana na dawa za kulevya kwa kulima mirungi, zao lililopigwa marufuku, na watumiaji wake wengi huitafuna ili wasisinzie kwenye usukani au lindoni. Kwenye mijadala mirungi huwekwa upande wa uhalifu na wa starehe. Ningependa itazamwe pia upande wa kazi, maana jani linalotafunwa ili mtu aongeze saa sita za kukesha linatueleza jambo kuhusu bei ya saa hizo.

Sheria ya nchi inaujua mlango huu vizuri zaidi kuliko sisi tunaoishi chini yake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka kikomo cha saa 45 kwa wiki na saa 9 kwa siku, kwa siku zisizozidi 6. Saa za ziada hazitakiwi kupita 50 katika mzunguko wa wiki nne, nazo zinalipwa mara moja na nusu. Kati ya siku na siku mfanyakazi anastahili mapumziko ya saa 12 mfululizo, kila wiki saa 24, na kwa mwaka likizo ya siku 28. Hizo saa 12 ni usiku wa ndiva hasa. Na hazikuwekwa kwa huruma tu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walitoa makadirio kwamba kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki kulihusika na vifo 745,000 katika mwaka 2016 pekee, kwa kiharusi na maradhi ya moyo. Hatari ya kiharusi kwa mtu huyo ni kubwa kwa asilimia 35 kuliko ya yule anayefanya kazi saa 35 hadi 40. Moyo unaokufa kwa saa nyingi haukufa ghafla. Ulianza kwa usingizi uliokatika, chakula kilicholiwa kwa kusimama, na ghadhabu za bure kwa watu wa nyumbani.

Hapa najua nitajibiwa: haya ni maneno ya wenye mshahara. Mama wa Myamba mwenye robo ekari ya tangawizi hana mkataba, kijana wa bodaboda hana ofisa kazi, na tumbo halina likizo. Hoja hii ni nzito na sitaikwepa. Ni kweli kwamba sheria ya saa 45 haiwafikii watu wengi wa Same, kwa kuwa wengi wanajiajiri au wanalima mashamba ya familia. Lakini tazama ni wapi ndiva zilichimbwa. Hazikuchimbwa penye mto mkubwa. Mwenye mto unaofurika mwaka mzima hana haja ya kufunga maji usiku; anaweza kuyaacha yapotee na bado akavuna. Ndiva ni chombo cha watu wenye maji machache, waliogundua kwamba kidogo kinachotiririka bila kukoma hakimfikii mtu, na kidogo hicho kikikusanywa kinalisha kijiji. Nguvu za mtu maskini ni hivyo hivyo. Mwajiriwa mwenye bima ya afya akianguka ana pa kuangukia. Sheria inampa hadi siku 126 za likizo ya ugonjwa katika miaka mitatu, nusu yake kwa mshahara kamili. Mama wa tangawizi akianguka msimu umekwenda, ada ya shule imekwenda na ng'ombe pengine ameuzwa. Kwa hiyo ni yeye, kabla ya ofisa yeyote, ambaye hawezi kumudu kuishi bila mapumziko. Tumeligeuza jambo hili juu chini kwa kudhani kwamba pumziko ni matunda ya utajiri.

Wengine husema wazee wetu walifanya kazi ngumu kuliko sisi na hawakuugua akili. Nusu ya kwanza naikubali. Nusu ya pili haina ushahidi. Ng'ambo ya bonde, katika milima ya Usambara, ipo hospitali ya Lutindi. Ilianza mwaka 1896 kama makao ya watoto waliokombolewa utumwani, na mwaka 1904 ikaanza kuhudumia wagonjwa wa akili, miongo kadhaa kabla ya yeyote kati yetu kumiliki simu. Wagonjwa walikuwepo, na wengi zaidi hawakufikishwa popote. Waliitwa waliorogwa, waliolaaniwa, au walevi. Wazee walikuwa na faida moja ambayo haikuwa ya tabia yao: giza. Jua likizama kwenye mteremko hakuna palizi, hakuna ujumbe, hakuna mteja. Kazi ilifungwa na mbingu. Sisi tumeishinda mbingu, na kwa hiyo tunalazimika kufunga kwa mikono yetu. Lutindi inanifundisha jambo jingine pia, ambalo linanizuia nisiilaumu kazi yenyewe. Kwa muda mrefu wagonjwa wa pale wameshirikishwa katika kazi za mikono na za shamba, ikiwemo chai, kama sehemu ya kupona kwao. Kazi yenye kipimo, inayofanywa pamoja na wengine na inayoonyesha matunda, hurudisha akili za watu. Aliyewahi kukosa kazi miezi sita hahitaji kuambiwa jinsi ukosefu wake unavyotafuna moyo.

Pingamizi ninaloliheshimu zaidi linatoka kwa wanawake, nalo linasema: usitupambie ndiva. Katika mpangilio wa zamani ndiva ilisimamiwa na koo zilizoichimba, na zamu ziliamuliwa na wanaume. Mama alimwagilia kwa zamu ambayo hakuipanga. Ni kweli, na ndiyo sababu ninasisitiza mlango na walioushika zaidi ya kuisifu mila. Chombo kizuri cha kugawa mapumziko kikiwa mikononi mwa upande mmoja, upande wa pili unabaki kutiririka usiku na mchana. Mfanyakazi mwanamke wa Same mjini anatoka kazini saa kumi na anaanza kazi ya pili isiyo na jina: maji, jiko, daftari za watoto, mama mkwe mgonjwa. Shirika la Afya Duniani na UNICEF walieleza mwaka 2023 kwamba, duniani, katika kaya 7 kati ya 10 zisizo na maji nyumbani, wanaoyateka ni wanawake na wasichana. Same yenyewe iko upande mkavu wa milima, na ndoo imekula asubuhi nyingi hapa. Ndiyo maana mradi wa maji wa Same–Mwanga–Korogwe, unaochota kutoka Bwawa la Nyumba ya Mungu na uliozinduliwa Machi 2025 baada ya kusubiriwa kwa miaka mingi, nauhesabu kuwa pia ni mradi wa afya ya akili. Bomba likitoa maji karibu, mtu fulani anarudishiwa saa za maisha yake. Lakini bomba halitaamua saa hizo zitumike vipi. Nyumba isipokuwa na mapatano, zitamezwa na kazi nyingine ya mtu yule yule.

Wanaume nao wana kifungo chao, na kukitaja si kuwapunguzia wanawake chochote. Jamii yetu imemruhusu mwanamume kulia mahali pamoja tu, kwenye msiba. Hapo kazi husimama, majirani hulala nje wakimzunguka, sheria inampa mwajiriwa siku zisizopungua nne, na hakuna anayemwambia arudi sokoni. Tunajua basi jinsi ya kumzunguka mtu mwenye uchungu; tunajua vizuri sana. Ila tumeufunga ujuzi huo kwenye kifo. Aliyepoteza mavuno, aliyelemewa na mikopo, aliyehamishwa mbali na familia na kuishi chumba kimoja akituma fedha, hao hawana turubai wala majirani wa kukesha nao. Duniani wanaume wanaokufa kwa kujiua ni zaidi ya mara mbili ya wanawake. Na kwetu mtu akinusurika, kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinamhesabu kuwa ametenda kosa. Nchini Kenya, Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu chao cha namna hiyo kinapingana na katiba. Natamani sana Tanzania ifike hapo, kwa kuwa mtu hawezi kumsimulia muuguzi jambo ambalo polisi wanaweza kumwuliza.

Kuna njia za kuanzia ambazo hazingoji bajeti. Mwaka 2006 daktari Dixon Chibanda wa Harare alianza kuwafundisha akina bibi wa mtaani kukaa benchini na watu wenye kuwaza sana, kuwasikiliza na kuwasaidia kulitatua tatizo moja moja. Kilichomsukuma ni kifo cha mgonjwa wake ambaye familia ilikosa nauli ya kumrudisha hospitali. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba baada ya miezi sita waliokaa na bibi hao walikuwa na nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida, na mfano huo umefika hadi Zanzibar. Anayejua nauli ya kutoka Chome au Bombo hadi hospitali kubwa ya Moshi, na hali ya njia wakati wa masika, ataelewa kwa nini benchi la kijijini lina thamani. Upare tayari ina vikundi vya kuweka na kukopa, yaani VICOBA, vinavyokutana kila wiki, vyenye daftari, faini na mfuko wa jamii wa kusaidia ugonjwa na msiba. Wanachama wanajua nani amechelewesha marejesho, na mara nyingi wanajua sababu kabla hajaisema.

Kikundi kama hicho kinaweza kuwa benchi letu, nami ningeanza na nyumba yenye mtoto mchanga, kwa kuwa hapo upungufu unaonekana kwa macho. Mama mwajiriwa ana likizo ya siku 84. Baba ana siku 3. Siku ya nne baba amerudi kazini, mama hajalala usiku mzima tangu ajifungue, na kuni zimekwisha. Kikundi kinaweza kuandika kwenye daftari lake, chini ya marejesho ya wiki, ni nani ataleta kuni Jumatatu, nani atachota maji Jumanne, nani atashika mtoto Jumatano ili mama alale kwa muda wa saa nne bila kuamshwa, na baba atafika nyumbani saa ngapi kila siku, naye aitie sahihi saa hiyo mbele ya wenzake. Asiyetokea atozwe faini ile ile wanayotozwa wasiofika kutoa tope.